Toleo la Jana

Saa nne usiku, Kadutu. Umeme umerudi bila kubisha
na jirani anapiga pasi nguo za wiki nzima
kwa haraka ya mtu anayejua utaondoka tena.
Mimi nina moduli tano na betri nusu.

Ya kwanza ni msingi, haina makuu.
Ya pili hutunza dawa, ya tatu wagonjwa.
Ya nne ni lebo, vikaratasi vya kubandika chupani
kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, na kwa Mashi
aliyonisahihishia mama huku anatwanga sombe,
akicheka nilivyoandika "baada ya kula".
Ya tano haina kazi yake yenyewe.
Ya tano ni gunia. Inabeba wenzake.

Alfajiri Murhula atawasha pikipiki
kwenda kituo cha afya, juu kabisa, kupita Nyangezi,
flashi ndani ya soksi, soksi ndani ya buti.
Kule hakuna mtandao.
Kitakachosahaulika hapa, kule hakiazimwi.

Natoa amri. Mistari inateremka kiooni
kama wachuuzi kwenye ngazi za matope,
mmoja nyuma ya mwingine, hakuna anayegeuka.
*Umefaulu.*

Nalinyanyua gunia: jepesi mno.
Msimbo umo wote. Lebo hakuna hata moja.
Hapa kwangu zilikuwa zinasomeka vizuri;
kumbe programu ilikuwa inachungulia kabrasha la pembeni,
kama mtoto anayekula kwa jirani kila jioni
na mama yake anasifu sufuria yake mwenyewe.

Basi naandika: fungua kifurushi cha lebo,
toa kabrasha moja tu, usinihamishie nyumba nzima,
litie ndani kabla gunia halijashonwa.
*Umefaulu.*
Limenenepa. Nafunga kompyuta.
Naifungua tena, sijui kwa nini.

Dawa ya maji ya watoto, lebo ya kumi na saba:
vijiko viwili.

Viwili?
Jumatatu daktari Cibalonza alinipigia simu,
sauti yake rula juu ya meza:
"Chupa mpya ni kali. Kimoja, Mugisho. Kimoja."
Nilisahihisha siku ileile. Naangalia faili yangu: kimoja.
Naangalia ndani ya gunia: viwili.

Jirani anatukana. Umeme umekwenda.
Betri asilimia thelathini na moja,
na kioo ndicho taa pekee ya chumba.

Nafuata nyayo. Gunia liliomba lebo
kabla lebo hazijafungwa, na aliyetumwa hakungoja.
Alikwenda ghalani, ghala la humuhumu kwenye mashine,
akakuta kifurushi cha wiki jana,
jina lilelile, namba ileile,
akakibeba kwa moyo safi.
Hakuna aliyedanganya. Ndiyo iliyonitisha.

Nafagia ghala mpaka sakafu.
Nazipa lebo namba mpya: kilichobadilika
kisijifiche ndani ya jina la zamani.
Natoa amri, na sasa mashine inapiga kelele nyekundu:
*lebo hazipatikani.*
Asante. Bora wewe unayelia
kuliko yule aliyeniambia nimefaulu.

Naagiza zamu: lebo zifungwe kwanza,
gunia liwe la mwisho kuzaliwa, kitinda mimba
anayerithi baada ya wote kuwa na majina.
Asilimia kumi na tisa. Kumi na tano.
Kinatoka.

Siliamini neno lake tena. Nafungua
lebo moja moja, nasoma kwa sauti ya chini
Kifaransa, Kiswahili, kisha ile ya Mashi,
polepole, maana herufi zake bado zinaniteleza ulimini.
Nafika ya kumi na saba.

Nyuma ya pazia mama anajigeuza kitandani.
"Kijiko kimoja," anasema. "Nimesikia.
Zima hiyo kitu, ulale."